Uliza Kwanza Kitakachokatwa

Ng'ombe hawajali theluji. Alfajiri ikifika wanataka kukamuliwa, na mimi na mume wangu Rosaire tunawakamua. Rosaire anaanza upande wa mlango, mimi naanza upande wa dirisha, tunakutana katikati. Ndivyo tunavyoishi hapa Corliss, kaskazini mwa New Hampshire. Mambo mengi ya nyumba yetu tunayazungumzia zizini, kila mmoja akiwa nyuma ya ng'ombe wake.

Asubuhi moja ya Februari Rosaire hakusema neno mpaka tulipokutana katikati. Nikajua ana jambo. Kodi ya ardhi ilikuwa imetubana mwezi Desemba. Tuliilipa kwa kuuza ndama wawili tuliotaka kuwafuga. Sasa watu walisema kodi itapanda tena, na sababu ni shule.

"Mama Normand," alisema, "mwaka huu nitasimama mkutanoni. Nitatoa hoja bajeti ya shule ikatwe."

Kwetu jimbo halikati kodi kwenye mshahara, wala halitozi kodi ukinunua kiatu dukani. Shule inalipiwa na nyumba zetu na mashamba yetu. Kwa hiyo kila Machi watu wazima wote wa Corliss wanakutana katika ukumbi wa shule na kupigia kura fedha za shule. Mkulima ana kura moja, daktari ana kura moja. Mtu yeyote anaweza kusimama na kutoa hoja. Mwingine akimuunga mkono, hoja inajadiliwa, kisha inapigiwa kura.

Rosaire alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na sababu. Miaka michache kabla ya hapo serikali kuu ilitoa sheria kwamba kila mtoto mwenye ulemavu lazima asome, na shule impe kila anachohitaji ili asome. Ni sheria nzuri. Lakini fedha zilizokuja na sheria hiyo zilikuwa kidogo. Jimbo nalo likatoa amri zake, za milango ya kuzuia moto na mambo mengine, na fedha za kuzitimiza hazikuja. Katika mji wetu alikuwepo mtoto mmoja anayeitwa Dwight Sargent, wa miaka saba, ambaye miguu yake haikufanya kazi tangu azaliwe. Shule ilitakiwa ijenge njia ya mteremko ya kiti chake cha magurudumu, iajiri mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na itafute gari la kumchukua nyumbani.

"Tukiikata ile jumla ya bajeti, watajifunza," alisema Rosaire. "Mteremko utasubiri. Mtaalamu atasubiri. Sisi tumesubiri mangapi?"

Aliniambia kwamba Carroll Hodge, mwenye duka la chakula cha mifugo, atamuunga mkono. Wanaume walikuwa wameshakubaliana pale dukani, karibu na jiko la kuni.

Mimi niliiogopa kodi kama yeye. Lakini nilikuwa na hofu nyingine iliyokuwa kubwa kuliko kodi, nayo ilikuwa binti yetu Odette.

Nyumbani kwetu tunasema Kifaransa. Wazazi wetu walitoka Kanada kufanya kazi katika viwanda vya mbao, na lugha ilikuja nao. Mtoto wetu wa kwanza, Normand, alipoanza darasa la kwanza hakujua Kiingereza. Wakati huo Corliss haikuwa na chekechea. Normand alikaa mwaka mzima bila kusema. Mwalimu alidhani ana akili nzito. Alirudishwa darasa, na tangu siku hiyo akaichukia shule. Mimi nimesoma hadi darasa la sita tu, na Kiingereza changu nimekiokota dukani na kanisani. Sikuweza kumsaidia.

Kisha mji ukafungua chekechea. Chumba kimoja, mwalimu mmoja, watoto wachache wanaoimba na kutaja majina ya vitu. Odette alikuwa aanze Septemba. Nilikuwa nahesabu miezi.

Kila Jumamosi humpelekea jirani yetu Bi Thelma Whitcher maziwa, naye hunipa mayai. Bi Thelma ni mjane anayefuga kuku, na ni mjumbe wa kamati ya shule. Jumamosi hiyo nilimkuta anakoroga chakula cha kuku kwa hasira. Aliniambia kwamba tangu kamati itangaze bajeti Januari, watu wamekata salamu. Akienda posta anapata barua zake, lakini habari za asubuhi hapati.

Nikamweleza mpango wa Rosaire. Sikuona sababu ya kuuficha, maana mji mzima uliujua. Bi Thelma aliweka mwiko chini.

"Mwanangu, kaa," alisema. "Unajua wakikata jumla kitakatwa nini?"

Nikamjibu kwamba utakatwa mteremko, na mtaalamu.

Alitikisa kichwa. Akauliza, "Mama mkwe wako bado yuko hai?"

"Yuko hai sana," nikamwambia.

"Haya. Tuseme anaagiza kila Jumapili umpikie padri nyama. Yeye hatoi senti. Na mwezi huohuo Rosaire anasema pesa ya chakula inapungua. Padri atakosa nyama?"

"Hawezi kukosa. Mama mkwe atakuwa amekaa palepale mezani."

"Basi nani atakosa?"

Nikafikiri kidogo. "Watoto. Watakosa siagi."

"Ndiyo bajeti ya shule," alisema. "Mteremko ni sheria. Mtaalamu ni sheria. Milango ya moto ni sheria. Hatuwezi kuvigusa, tukivigusa tutapelekwa mahakamani na tutalipa zaidi. Tunaloweza kugusa ni lile ambalo sheria haikuagiza. Muziki haukuagizwa. Mama wa maktaba hakuagizwa. Na katika jimbo hili, chekechea haikuagizwa."

Picha ikanijia akilini. Nilimwona Odette amekaa kwenye kiti alichokalia Normand, kimya.

Nikauliza kwa nini mkutano usipige kura ya kukata mteremko peke yake na kuiacha chekechea. Bi Thelma akanieleza jambo ambalo wengi hawalijui, hata waliohudhuria mikutano maisha yao yote. Mkutano unapanga jumla tu. Watu wanaweza kusimama na kusema tunataka hiki, hatutaki kile, lakini kura yao inashusha ile namba ya mwisho ya jumla, basi. Jinsi ya kuigawa ni kazi ya kamati, na kamati lazima ianze na yaliyoagizwa na sheria. Watu wanakata kwa kuukasirikia mteremko, na mteremko unajengwa palepale. Kinachoondoka ni kitu wanachokipenda, na hawajui kwamba wao ndio waliokiondoa.

"Mnaeleza lini mambo haya?" niliuliza.

"Tulieleza Januari. Tuliita watu wote. Walikuja wanne, na mmoja alikuwa amelala."

Nikamuuliza kosa ni la nani. Alinijibu polepole, kama mtu aliyejiuliza swali hilo mara nyingi.

"Si la Dwight. Dwight ana haki ya kusoma kama Odette wako. Kosa ni la anayeagiza, kisha anaacha bili mlangoni kwako na kuondoka."

Alisema yako mambo ya kufanya. Corliss na miji miwili jirani, kila mmoja ulikuwa unatafuta mtaalamu wake, na kila mmoja umlipe mtu wa siku nzima kwa kazi ya nusu siku. Sheria inasema mtoto ahudumiwe, haisemi kila mji ujitegemee. Miji inaweza kuungana. Na wazee wanaoshindwa kodi wana haki ya kuomba wapunguziwe kwa viongozi wa mji, lakini wengi hawaombi kwa aibu, au hawajui. Na juu ya yote, waliotoa amri lazima waambiwe kwa sauti walete na fedha. Kamati ilikuwa imewaandikia.

"Barua ya watu watano wanaiwekea kikombe cha kahawa juu yake," alisema. "Kura ya mji mzima si rahisi kuiwekea kikombe."

Jioni, wakati wa kukamua, nilimweleza Rosaire yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wanatutisha."

Nikamwambia Bi Thelma hana tabia ya kutisha watu.

"Thelma ni mjumbe wa kamati. Ulitaka akwambie nini? Kila mwaka wakiambiwa wapunguze, wanataja watoto. Watoto hawatakuwa na hiki, watoto hawatakuwa na kile. Hujawahi kusikia wakitaja mshahara wa msimamizi wa shule."

Hapo alikuwa na ukweli wake, na nilimkubalia. Lakini nikamwambia aende kwa Bi Thelma amuulize mwenyewe. Hakutaka. Alisema ameshatoa neno lake mbele ya wanaume.

"Ulilitoa kabla hujajua," nikasema.

"Neno ni neno."

"Basi nitauliza mimi, mkutanoni."

Rosaire alicheka, wala hakucheka kwa ubaya. "Wewe? Wewe hata dhambi zako unamnong'oneza padri mpaka anakuomba urudie."

Ilikuwa kweli. Usiku huo sikulala vizuri, wala ule uliofuata. Nilijaribu maneno yangu ya Kiingereza nikiosha vyombo, nikilisha ng'ombe, nikifunga nepi za mtoto wa dada yangu. Kila nilipofika katikati yalinipotea.

Siku mbili kabla ya mkutano nilikwenda shuleni asubuhi kumpeleka Normand. Nilimkuta Lorna Sargent, mama yake Dwight, akipanda ngazi za mlango mkuu na mwanawe mgongoni. Mvulana wa miaka saba si mzigo mdogo, na ngazi zilikuwa na barafu. Nilikimbia nikamshikia kiti cha magurudumu. Nikamuuliza kama atakuja mkutanoni. Alisema hatakuja. Alisema amechoka kuingia mahali watu wakamtazama mwanawe kama wanaitazama bili. Mara nyingine anaona heri amweke Dwight nyumbani, amfundishe mwenyewe, kodi ishuke, watu wamsahau.

"Njoo ukae na mimi," nilimwambia. "Na mimi naogopa."

Alimweka Dwight kwenye kiti. Akamfungua skafu na kumsukuma ndani.

Siku ya mkutano barabara zilikuwa matope matupu, maana jua lilikuwa limeanza kuyeyusha theluji. Ukumbi ulijaa mabuti. Wanawake walileta vitambaa vyao vya kufuma, na akina mama wa kanisa walikuwa wanapasha maharage ya kuoka na kupanga pai kwa ajili ya mchana. Rosaire alikwenda kukaa na wanaume wa dukani. Mimi nilikaa karibu na mlango. Carroll Hodge alinipita, akapaza sauti, "Rosaire, mkeo amekuja kupiga kura au kukulinda?" Wakacheka. Nikacheka pia, maana sikuwa na la kufanya.

Mkutano ulikuwa karibu kuanza Lorna alipoingia. Alikaa kando yangu bila kuvua koti.

Mwenyekiti wa mkutano wetu alikuwa Mzee Elwyn Burbank, aliyeongoza mikutano ya Corliss tangu nilipoolewa. Ana kanuni moja asiyoivunja. Hapana mtu kumsemesha mtu mwingine ukumbini. Kila neno linapitia kwake. Ukitaka kumjibu jirani yako aliyekaa mbele ya pua yako, unamwambia Mzee Burbank, naye ndiye anayemgeukia jirani. Wageni wanacheka. Lakini kanuni hiyo imezuia ngumi nyingi.

Bajeti iliposomwa, Rosaire alisimama. Alitoa hoja yake kwa maneno machache, kama alivyo. Jumla ikatwe, irudi ilivyokuwa mwaka jana. Carroll akaiunga mkono kabla Rosaire hajakaa.

Watu wengi walisema. Mjane mmoja alisema kodi itamtoa katika nyumba aliyozalia watoto wake. Mwingine alisema serikali inadhani sisi ni benki. Walikuwa wanasema kweli, na kila aliposema mmoja nilihisi ukumbi unazidi kuegemea upande wa Rosaire. Kisha Carroll akapewa nafasi. Alisema hana ubaya na mtu, lakini hesabu ni hesabu, na mtoto mmoja anaugharimu mji kama watoto wa darasa zima.

Lorna alisimama. Sikutegemea, na nadhani yeye pia hakutegemea.

"Mwenyekiti," alisema, "anaitwa Dwight."

Akakaa. Mzee Burbank akasema, "Asante, Bi Sargent."

Nikainua mkono. Mzee Burbank alinitazama kama mtu anayehakikisha macho yake, kisha akanipa nafasi.

"Mwenyekiti," nilisema, "naomba kujua. Jumla ikikatwa, ni nini kitaondoka kwanza?"

Akamgeukia msimamizi wa shule, akamwambia ajibu. Msimamizi alisimama na kusema kwa shingo upande kwamba cha kwanza ni chekechea, kisha muziki, kisha maktaba.

Minong'ono ikaenea. Mtu mmoja nyuma akasema ni vitisho. Mzee Burbank aligonga nyundo yake na kumwambia anayetaka kusema asimame. Hakusimama mtu.

Nikauliza la pili. Je, tunaweza kupiga kura kwamba chekechea ibaki, na vikatwe vile vilivyoletwa na amri?

Hilo Mzee Burbank alilijibu mwenyewe. Alisema hapana. Mkutano unapanga jumla, basi. Na yaliyoagizwa na sheria yatalipwa hata tukikasirika namna gani. Alisema amelisema jambo hilo miaka mingi, na anafurahi leo kuna mtu aliyeuliza.

Nilipaswa kukaa, lakini nilikuwa sijamaliza, na nilijua nikikaa sitasimama tena.

"Mwenyekiti, naomba umuulize bwana aliyetoa hoja," nilisema, "ambaye ni mume wangu. Muulize kama anajua nani anaanza chekechea Septemba."

Ukumbi ulicheka, na kicheko kikazimika haraka. Mzee Burbank hakucheka. Aligeuka taratibu. "Bwana Pelchat, umesikia swali."

Rosaire alisimama akizungusha kofia mikononi. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Mwenyekiti," alisema, "naomba umwambie mama aliyeuliza kwamba najua."

"Amesikia," alisema Mzee Burbank.

"Na umwambie nilidhani wananitisha." Alinitazama. "Kijana wangu wa kwanza alikaa mwaka mzima katika shule hii bila kusema neno, kwa sababu neno hakuwa nalo. Sitaki jambo hilo lirudi. Nilitaka kukata amri za watu wa mbali. Kumbe kisu kinaangukia kwangu. Naiondoa hoja yangu."

Carroll akasimama na kusema yeye haiondoi. Mzee Burbank akaeleza kwamba hoja ikishafika ukumbini ni mali ya mkutano, na kama wapo wanaoitaka itapigiwa kura. Walikuwepo. Wengine wakaomba kura iwe ya siri. Tukapanga mstari, kila mmoja na kikaratasi chake, tukakitumbukiza katika sanduku la mbao. Lorna alikuwa nyuma yangu. Nilisikia pumzi zake.

Walihesabu muda mrefu. Nilimtazama Bi Thelma, naye alikuwa anatazama dari.

Hoja ya kukata ilishindwa kwa kura kumi na tisa.

Hakuna aliyeshangilia. Waliopiga kura ya kukata walikuwa majirani zetu, na kodi yao ilikuwa palepale. Mchana, kwenye maharage, yule mjane alikaa peke yake na sahani yake. Bi Thelma alikwenda akakaa naye, akamweleza jinsi ya kuomba apunguziwe kodi kwa sababu ya umri, na siku ya mwisho ya kuomba. Mjane hakuwa ameambiwa na mtu. Nao wanaume wa dukani walikuwa wanamsonga Rosaire. Carroll akamuuliza nani anakamua kwake, yeye au mkewe.

"Tunakutana katikati," alijibu Rosaire, akaendelea kula.

Lakini hakuwa ametulia. Alihama na sahani yake mpaka kwa Bi Thelma, mwanamke ambaye hakutaka kwenda kwake, nikawaona wanazungumza vichwa vimeinama. Kikao cha alasiri kilipoanza, alisimama tena. Alitoa hoja mbili. Ya kwanza, Corliss iunde kamati pamoja na miji miwili jirani ili watumie mtaalamu mmoja na gari moja. Ya pili, mkutano uwatumie wawakilishi wetu wa jimbo na wa serikali kuu azimio moja: atakayetoa amri kwa shule yetu alete na fedha ya kuitimiza.

"Hiyo ya kuwarudishia wakubwa bili yao," alisema Carroll, "hiyo naiunga mkono."

Zote mbili zilipita kwa sauti, na sauti ya ndiyo ilitikisa vyombo mezani.

Kufikia Septemba mtaalamu mmoja alikuwa anazunguka miji mitatu, na kila mji ulilipa sehemu yake. Kila mji ulitumia chini ya nusu ya kile ulichokuwa umepanga. Mteremko ulijengwa na wanaume wa Corliss wenyewe siku za Jumamosi. Mbao alizitoa Carroll kwa bei aliyonunulia, na alilalamikia kila ubao. Dwight alikuwa wa kwanza kushuka nao, kwa kasi iliyomfanya mama yake apige yowe, na alipofika chini aliomba apandishwe tena.

Rosaire alikwenda Concord, kwenye bunge la jimbo, amevaa suti yake ya mazishi. Walimpa dakika chache. Aliwauliza swali moja tu: hizo amri zenu, nani atalipa? Mmoja alimjibu kwa maneno mengi. Rosaire akasema amesikiliza yote na bado hajasikia jibu. Jambo hilo halikumalizika mwaka ule. Miji mingine ilituma maazimio kama letu, na wawakilishi wakaanza kujibu barua.

Kodi haikushuka. Nisikudanganye. Ilipanda kidogo, chini sana ya tulivyohofia, na Rosaire aliilipa bila kuuza mnyama. Alilalamika jikoni kama kawaida yake. Lakini alikuwa anawalalamikia walioagiza. Shule hakuitaja, na jina la mtoto wa mtu hakulitaja.

Odette alianza chekechea. Wiki za kwanza alikuwa akirudi nyumbani na neno moja moja la Kiingereza, analitembeza nyumba nzima kama mtoto mwenye kiatu kipya. Ilipofika Krismasi alikuwa anamrekebisha baba yake Kiingereza chake.

Nimeandika haya kwa ajili ya mama mwenzangu ambaye anaogopa kodi na anaogopa kusimama. Kura ya hasira haimfikii aliyekukasirisha. Yeye yuko mbali na ameshalindwa na sheria yake. Inamfikia aliye karibu, asiyelindwa na kitu. Nenda kwenye kikao cha bajeti cha Januari, hata kama mko wanne. Uliza lipi limeagizwa na lipi halikuagizwa. Uliza kama majirani wanaweza kushirikiana. Wape wawakilishi wako kazi ya kufanya. Na Machi ikifika, usikae karibu na mlango kama nilivyokaa mimi. Kaa mbele, mwenyekiti akuone unapoinua mkono.